Sabato ya Mashine ya Maji

"Mama Yudith, hivi mashine nayo inashika Sabato?"

Jirani yangu Mwanaidi aliniuliza hivyo jioni moja tukichambua mchicha, yeye upande wake wa ua na mimi upande wangu. Nikamwambia aache utani, maana Mwanaidi ukimpa upenyo atatania hata msibani.

"Sitanii," akasema. "Kila Ijumaa jua likienda kuzama nikipita pale ofisi ya maji, giza tupu. Siku zingine zote kile kitaa cha kijani kinawaka dirishani. Nikajisemea, hawa Wasabato wameshaibatiza."

Tukacheka, tukamaliza mchicha, kila mtu akaingia jikoni kwake.

Huku kwetu Vudee shamba la kiangazi linategemea ndiva, bwawa la mawe na udongo ambalo babu zetu walilijenga juu ya mashamba. Maji ya kijito yanaingia humo mchana na usiku. Asubuhi tundu linafunguliwa, na mwenye zamu anayaelekeza shambani kwake kwa mfereji mpaka ndiva ikauke, kisha linafungwa ili ijae tena kwa ajili ya mtu wa kesho. Zamu walizipanga wazee kwa kutazama ibada za watu. Ijumaa wanamwagilia Walutheri, kwa kuwa Waislamu wako msikitini. Jumamosi wanamwagilia Waislamu, kwa kuwa sisi Wasabato tuko kanisani. Jumapili ni yetu. Siku zinazobaki zinakwenda kwa koo. Sijawahi kusikia watu wakigombania mpango huo, na huku kwetu watu wanagombania hata kivuli cha mgomba.

Zamani Mzee Anaeli ndiye aliyekuwa anafungua tundu kila alfajiri, isipokuwa ya Sabato, na kupuliza pembe ili mwenye zamu ajue. Baadaye Umoja wa Maji ukaleta mashine mbili, zile wanazoziita seva. Moja wakaiweka kwenye ofisi yetu ndogo kando ya ndiva, nyingine ikabaki Same mjini. Zote mbili zina ratiba ileile kichwani. Kila alfajiri mojawapo inafungua koki ya umeme, inamtumia mwenye zamu meseji, na muda ukiisha inafunga. Tulieleweshwa kwamba huku juu umeme unakatika ovyo, kwa hiyo hii ya kwetu ikianguka, ya Same inashika kazi zake zote bila kuambiwa na mtu, kama mama na shangazi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Akilala mmoja, mwingine yuko macho.

Mzee Anaeli akaachwa kuwa mlinzi. Anashika funguo, anafagia, anafuta vumbi. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na ile pembe yake nadhani iko chini ya kitanda.

Kiangazi hicho nilikuwa na maharage kwenye kishamba nilichoachiwa na marehemu mume wangu. Sina kingine. Maharage hayo ndiyo makande yangu ya mwaka mzima, na ndiyo mbegu yangu ya masika. Nayo maharage yana tabia yake. Kabla ya kutoa maua yanavumilia shida. Yakishachanua ukayanyima maji, ua linadondoka, ganda halitungi, na hakuna maombi yanayolirudisha juu.

Mwanzoni kijito kilikuwa bado kina nguvu na hakuna aliyeona tofauti. Kisha jua likakaza. Jumapili moja, maharage yakiwa yameanza kuchanua vizuri, simu ikalia alfajiri: zamu yako ya maji imeanza. Nikachukua jembe, nikasimama kwenye mdomo wa mfereji. Maji yakaja membamba kama mkia wa panya, yakalowesha matuta ya mwanzo, yakakata. Nikapanda mpaka kwenye ndiva. Chini palikuwa na tope, na vyura wameketi wananitazama kama mimi ndiye niliyewaharibia.

Nikamwita Sadock, mwenyekiti wetu wa Umoja. Akazunguka ukuta wa ndiva mikono nyuma, akachungulia, akasimama.

"Fuko," akasema.

"Fuko gani?"

"Ametoboa ukuta. Maji yanatokea chini kwa chini. Fuko wa kiangazi ni mkorofi sana, Mama Yudith."

Wakaja vijana na udongo wa mfinyanzi, wakaziba kila tundu waliloliona, pamoja na moja lililokuwa la kaa. Nikawashukuru, nikawapa uji, nikarudi nyumbani. Lakini nilikuwa nimetazama chini ya ukuta huo na ardhi yake ilikuwa kavu. Maji hayatoki mahali bila kulowesha mahali.

Katikati ya wiki Mwanaidi akanipitia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeitwa kwenye harusi.

"Njoo uone vitunguu vyangu, jirani."

Nikaenda. Vitunguu vya Mwanaidi vilikuwa vimenona, majani yake ya kijani iliyokolea, udongo bado una unyevunyevu wakati mashamba ya jirani yanapasuka.

"Unavipa nini?"

"Maji. Mwenyekiti ameniongezea zamu. Unakumbuka niliomba mkutanoni mkanicheka? Basi Sadock kumbe ana roho nzuri. Jumamosi napata asubuhi kama kawaida, na jioni napata tena. Nimempelekea mkungu wa ndizi kumshukuru."

"Jioni ya Jumamosi?"

"Nikishamaliza kuswali magharibi. Maji yanatangulia, meseji inafuata nyuma. Mara ya kwanza nilishtuka, nikasema leo kuna jini mkulima. Simu ilipolia nikajua ni Umoja."

Mwanaidi aliolewa hapa akitokea Ndungu, tumekaa jirani tangu wote wawili tukiwa maharusi, na mume wangu alipofariki yeye ndiye aliyelala na mimi chumba kimoja mpaka nikaweza kulala peke yangu. Mwizi hakuiti uje uone alichoiba. Nikasifia vitunguu, nikarudi nyumbani, nikaanza kuingoja Jumamosi.

Jumamosi hiyo tulifunga Sabato mimi na mjukuu wa dada yangu aliyekuwa amenitembelea, tukaimba wimbo, tukaomba. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima. Nikajitanda kanga, nikapanda ofisi ya maji. Kabla sijafika nikasikia mfereji ukivuma. Maji yalikuwa yanateremka kwa nguvu, yamejaa, yanaelekea upande wa Mwanaidi, ambako mfereji ulikuwa umeelekezwa tangu asubuhi.

Mzee Anaeli akatokea upande wa zizi lake, ananuka mbuzi, anavumisha wimbo wa kufunga Sabato.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Yudith. Sabato imekwisha salama?"

"Imekwisha salama. Haya maji yanakwenda wapi?"

Akayatazama kama anayetazama mtoto wa mtu mwingine. "Kwa Mwanaidi, nadhani."

"Saa hizi?"

"Mimi ni mlinzi. Ratiba iko ndani ya mashine."

"Na mashine inafanya kazi tangu lini leo?"

"Nimeiwasha sasa hivi, jua lilipozama. Nikaenda kufunga mbuzi kwanza. Bado kumwasha huyu mdogo." Akaonyesha kile kidude cha intaneti kilichotundikwa dirishani.

"Kumbe huwa unaizima?"

"Ijumaa jioni naizima, Sabato ikifungwa naiwasha." Alisema kwa utulivu kama anayesema kwamba huwa ananawa kabla ya kula. "Nimekabidhiwa mimi, iko chini ya mkono wangu. Siwezi kwenda kusali nikaiacha inafanya kazi. Amri ya nne inamkumbuka hata mnyama wa kazi."

"Mashine si punda, mzee."

"Ndiyo maana naihurumia zaidi. Punda akichoka anagoma."

"Na huyu mdogo kwa nini asiwashwe pamoja na mwenzake?"

"Mkubwa anaamshwa kwanza. Unamwacha apate joto, ndipo unamwasha mdogo. Redio ya baba ilikuwa hivyohivyo."

Siku nyingine ningecheka. Lakini maji yaliyokuwa yananipita miguuni yalikuwa Jumapili yangu. Nikamwomba afunge koki. Akasema ameagizwa asiiguse, na Mzee Anaeli akiagizwa ameagizwa. Akaingia, akamwasha mdogo. Huko chini nikamsikia Mwanaidi anaimba shambani, meseji imeshamfikia.

Kesho yake mfereji wangu ulikuwa mkavu. Nikabeba maji ya kijito kwa ndoo kichwani, nikayapa matuta ya katikati ambayo yalikuwa na maua mengi zaidi. Matuta ya pembeni nikayaomba radhi. Jioni maua meupe yalikuwa chini, yamelala kwenye vumbi kama chenga za mchele, na mgongo wangu ulikuwa umekataa ndoo nyingine. Nikajua wazi kwamba nikikosa maji Jumapili ijayo, nimekosa yote.

Nikamweleza Sadock niliyoyaona. Akapiga simu Same, na Jumatatu Saada akapanda kwa bodaboda. Saada ndiye fundi wa hizi seva, binti mwembamba mwenye begi mgongoni, anaongea upesi lakini anasalimia taratibu. Tukaingia ofisini: Saada, Sadock, Mzee Anaeli na mimi. Mwanaidi hakuitwa, akaja.

Saada alikaa na mashine kitambo, akipekua, kisha akageuza kiti.

"Nimeona. Hizi mbili zina zamu moja. Hii ya hapa ikizimwa, ya Same inashika kazi. Jumamosi asubuhi ya Same ndiyo inayofungua maji, kwa laini ya simu iliyomo kwenye koki yenyewe, mama Mwanaidi anapata haki yake. Jioni mzee anaiwasha hii. Inaamka, inatazama saa, inaona kazi ya asubuhi kwake haijafanyika. Ilitakiwa imuulize mwenzake: wewe uliifanya? Lakini modemu, kile kidude cha dirishani, bado imezimwa, haina wa kumuuliza. Inajiona imechelewa, inaifanya haraka. Na waya wa koki umepita hapahapa ukutani, hauhitaji mtandao. Mzee akija kuwasha modemu, maji yameshakwenda. Kinachobaki ni meseji tu."

"Makande ya wapishi wawili," Mwanaidi akasema. "Mmoja katia chumvi, wa pili kafika, hakuuliza, katia tena."

"Hivyohivyo, mama."

"Na fuko?" Sadock akauliza.

"Fuko gani?"

"Hapana, endelea."

Mwanaidi akamgeukia. "Ngoja kwanza, mwenyekiti. Kwa hiyo ile zamu ya jioni hukunipa wewe?"

"Zamu gani?"

"Na ndizi zangu ulikula za nini?"

"Nilidhani ni upendo," Sadock akasema, na hata Mzee Anaeli akaangalia pembeni ili asionekane anacheka.

Mwanaidi alipomaliza kucheka alinitazama, na uso wake ukabadilika. "Mama Yudith. Kumbe nilikuwa nayanywa maji yako."

"Vitunguu vimeyanywa. Wewe ulikuwa unaimba tu."

Sadock akapiga meza kidogo kwa kiganja, kama anayefunga kikao. "Basi jambo ni dogo. Mzee, kuanzia leo usiizime."

"Nitaizima," Mzee Anaeli akasema.

"Umesikia fundi?"

"Nimesikia. Ameeleza vizuri sana. Ijumaa nitaizima."

"Mzee, ni mali ya Umoja."

"Funguo ninazo mimi. Aliye na funguo ndiye atakayeulizwa." Wala hakukaza sauti. "Kama mnataka ifanye kazi Sabato, mpeni mtu mwingine funguo, nami sitanung'unika."

Funguo zilikuwa zimening'inia mshipini mwake. Sadock alikuwa anaziangalia, na sisi wote tuliona kwamba anataka kunyoosha mkono na hawezi. Mzee Anaeli ndiye aliyemfundisha kufungua mfereji akiwa mtoto.

Mimi nilikuwa kwenye hali mbaya kuliko wote. Sabato naishika kama yeye. Sijawahi kuwasha moto siku hiyo, naivaa siku nzima kama nguo safi. Lakini maharage yangu yalikuwa na Jumapili moja iliyobaki. Nikasema tu, "Mimi naomba maji yangu. Ila sitaki yaje kwa kumwondoa mzee."

Saada alikuwa amemkazia macho Mzee Anaeli, si kwa ukali, kama mtu anayepima kitambaa.

"Babu, nikuulize. Unachotaka ni mashine izimwe, au isifanye kazi?"

Mzee Anaeli akafikiri. Alifikiri mpaka Mwanaidi akataka kumsaidia nikamfinya.

"Isifanye kazi."

"Hivyo ni vitu viwili. Ukiikatia umeme ghafla inakuwa kama mtu aliyezimia. Akizinduka hajui yuko wapi wala watu wamefanya nini, anaanza kushika shika vitu. Lakini nikiiagiza, inakabidhi zamu zake kwa mwenzake, inakaa kimya. Umeme unaipita lakini haifungui kitu, haimtumii mtu meseji. Ikirudi, inauliza kwanza kilichofanyika. Isipopata jibu, inangoja."

"Nani ataiagiza Ijumaa? Wewe uko Same."

"Itajiagiza. Nitaipangia kazi ya kila wiki, kama hizi zingine. Ijumaa kabla jua halijazama inakabidhi. Jumamosi jua likishazama inapokea."

"Na ya Same itafanya kazi Sabato yote."

"Ile anaitunza mwenzangu, Salha. Yeye ni Mwislamu."

"Kwa hiyo yangu itakasike, ya Salha ichafuke."

Mwanaidi akaingilia. "Mzee, kwa heshima zote, Salha mwachie Mungu wake. Mbona Ijumaa sisi tukiwa msikitini mashine yako inafungua maji mpaka adhuhuri na hatujawahi kukuandama?"

Mzee Anaeli akamgeukia. "Hilo sikulifikiria," akasema.

"Basi lifikirie."

Akalifikiria. Kisha akamgeukia Saada. "Jua utaliwekaje? Mwezi wa sita linazama mapema, mwezi wa kumi na mbili linachelewa."

"Naitia kalenda ya machweo ya mwaka mzima."

"Kalenda ya wapi?"

"Ya wilaya yetu, Same."

"Same ni tambarare. Huku mlima unaliziba jua mapema. Weka kabla."

"Kabla kiasi gani?"

"Mbuzi wanapoanza kurudi."

Saada hakucheka. Alimuuliza mbuzi wake hurudi wakati gani, akabonyeza, akabonyeza tena, akampa Mzee Anaeli nafasi atazame skrini. Aliandika na maneno ya Kiswahili ambayo mashine itayaonyesha ikikabidhi na ikipokea, ili mzee asihitaji kumuuliza mtu. Mzee akayasoma polepole kwa kidole.

"Nitaona Ijumaa," akasema. "Nikiona inafanya kazi baada ya kukabidhi, nang'oa waya."

"Mzee," nikamwambia, "ukiung'oa waya, Jumamosi jioni—"

"Najua. Utakosa maji." Akakunja kitambaa chake cha vumbi. "Na mimi nitajibu nini nikiulizwa?"

Swali hilo mimi pia najiuliza kila siku kwa mambo yangu.

Wiki ile niliishi kama mtu anayeuguza mgonjwa. Asubuhi ndoo mbili kwa matuta ya katikati, jioni ndoo mbili. Ijumaa nikapika makande mapema, nikaosha sufuria, nikapiga pasi gauni la kanisani. Kisha nikapita ofisi ya maji nikijifanya natafuta kuni njia ile. Mlango umefungwa, mzee yumo ndani, kitaa cha dirishani bado ni cha kijani. Nikasimama kidogo. Ningeweza kungoja, lakini jua halikungoja, na mimi nilitakiwa nyumbani kufungua Sabato. Nikateremka bila kujua.

Mungu anisamehe, Sabato ile nilikaa kanisani benchi la nyuma ya Mzee Anaeli na nikaisoma shingo yake kuliko somo. Shingo haikusema kitu. Tulipotoka alinishika mkono, "Sabato njema," nami nikajibu, "Sabato njema, mzee," na sikumuuliza, kwa sababu siku ile si ya kuulizana habari za maji.

Mwanaidi hakuwa na kizuizi hicho. Alinisubiri uani.

"Yangu yamekuja asubuhi. Ya Same inafanya kazi. Ya hapa sijui, nimepita dirishani, mzee kashusha pazia."

"Mwanaidi, leo usinitie mambo ya mashamba."

"Basi sijasema." Akasogea hatua, akarudi. "Ila jioni yakija kwangu nayafungia mfereji kwa mwili wangu. Nalala humo."

"Utapata kichomi."

"Utaniuguza. Si una Sabato za kupumzikia?"

Jua lilipozama tukafunga Sabato. Wimbo niliuimba wote, sikuukata, ingawa miguu ilikuwa imeshatangulia. Nikapanda.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Mzee Anaeli alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mashine, magoti pamoja, kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Mbuzi walikuwa bado wanalia zizini, hawajafungiwa. Kile kidude cha intaneti kilikuwa kinapepesa. Kitaa cha mashine kilikuwa cha njano.

"Hukuizima," nikasema.

"Sikuizima. Jana nilikaa nayo. Ikakabidhi, nikaona kitaa kinageuka njano. Nikaweka mkono kwenye swichi nikangoja nione kama itaiba kazi. Haikuiba." Akajikuna kidevu. "Nikaondoa mkono. Usiku sikulala vizuri, lakini nikaondoa mkono."

"Asante, mzee."

"Usishukuru bado. Kulala tumeshaona inalala vizuri. Kuamka ndiko kulikotuponza."

Tukangoja. Mle ndani mlikuwa na harufu ya vumbi lililofutwa. Hiyo koki ikifunguka inatoa sauti kama mtu anayesafisha koo, na wote wawili tulikuwa tumetega masikio upande wa ukuta. Nje mlima ulikuwa umeshakuwa mweusi, juu yake pamebaki utepe wa mwanga.

Kitaa kikageuka kijani.

Nikashika ukingo wa meza. Sikusikia koo. Nikasikia vyura, mbuzi mmoja, na pumzi ya Mzee Anaeli. Nikatoka nikaenda mpaka kwenye mfereji, nikainama. Jani kavu la mparachichi lilikuwa limelala chini kabisa, halisogei. Nyuma ya ukuta ndiva ilikuwa imefika juu ya alama ya nusu, na kijito kinaendelea kumimina humo taratibu, kina usiku mzima mbele yake. Kule bondeni nikamwona Mwanaidi na kitochi chake, amesimama kwenye mdomo wa mfereji wake. Nikampungia mkono. Akauzungusha mwanga hewani kama anayeita abiria.

Niliporudi ndani Mzee Anaeli alikuwa amesimama. Kidole chake kilikuwa juu ya kile kibonye cha kuwashia, hakijagusa. Nadhani kilikwenda chenyewe, kwa mazoea. Aliniona nikikitazama.

"Sasa mimi niamshe nini?" akauliza.

"Hakuna, mzee. Imeamka."

"Yenyewe."

"Yenyewe. Na imeuliza kwanza."

Akakirudisha kidole, akakiangalia kama kimetoka mbali. Kisha akainama mbele ya skrini, akayafuata yale maneno aliyoyaandika Saada, neno baada ya neno, kwa sauti anayoitumia kanisani akisoma somo: "Nimepokea zamu. Kazi za Sabato zimefanywa na Same. Hakuna ya kurudia. Kesho alfajiri namfungulia Mama Yudith."

Jina langu alilisoma mara mbili.

Nilikuwa naona maharage yangu, matuta ya katikati na yale ya pembeni niliyoyaomba radhi. Mzee Anaeli akachukua kitambaa chake, akafuta sehemu ya juu ya mashine taratibu, mbele na nyuma, kama anavyomfuta mbuzi wake aliyenyeshewa. Akakitundika. Akazifungua funguo mshipini, akaniwekea mkononi ili nifunge nikiondoka, akachukua tochi yake dirishani, akatoka kwenda kufunga mbuzi.